UZI: Nimeitwa yadi Jumatatu, mafunzo ya dereva mpya wa transit. Wazoefu, wiki ya kwanza wanaangalia nini?

Fuso_la_Nyanya
Wakuu habari za jioni.

Nimeendesha Fuso miaka sita, Ilula kwenda Dar, nyanya na vitunguu, usiku kwa usiku maana nyanya haimsubiri mtu. Mwezi uliopita nilipeleka maombi kwenye kampuni moja ya malori ya transit, yale yanayopeleka mizigo nchi jirani, hapa Dar. Nikaitwa, nikaulizwa maswali ya dakika kumi, kisha kimya. Leo mchana napigiwa simu na dada wa ofisini: Jumatatu saa moja kamili uwe yadi, siku tano za mafunzo, uje na vyeti vyote. Kabla sijauliza vyeti gani, simu imekatwa.

Leseni ninayo, daraja E, iko hai. Kozi ya magari makubwa nilisoma NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, mwaka juzi. Ila niseme ukweli, semi, lile lori la kichwa na tela, nimeigusa kule chuoni na mara mbili tatu kwa jamaa yangu Mbagala, tena ndani ya yadi. Njia nitakayopewa ni Dar, Tunduma, hadi Lubumbashi. Mwisho wangu mimi ni Iringa.

Nisaidieni: nibebe nini, wanapima nini, na je niseme kwamba semi sijaizoea au nikaze tu?

Konda_Mstaafu
Beba mswaki na sala. Mengine yadi watakupa.

Dogo_wa_Changamwe
Ndugu, mimi niko upande wa Mombasa, napeleka kontena hadi Malaba na Kampala. Huku kwetu leseni ya tela ni CE, lakini mambo ni yale yale. Siku ya kwanza ni karatasi tupu. Beba nakala za kila kitu, tatu tatu, usiende kuanza kutafuta mashine ya fotokopi saa mbili asubuhi wenzako wamekaa darasani. Mimi nilifanya hivyo nikarudi nikakuta nafasi yangu ya road test imepewa mwingine, nikangoja wiki mbili.

Babu_Kasumbalesa
Kijana, hujambo. Nina miaka kumi na tisa kwenye njia hiyo unayoitaja, na miaka mitatu iliyopita nilikaa yadi na mguu uliovunjika, kazi yangu ikawa kuwapokea wageni kama wewe. Kwa hiyo nakueleza nikiwa nimekaa pande zote mbili za meza.

Vyeti kwanza. Leseni, cheti cha NIT, kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, namba ya NSSF kama ulishawahi kuwa nayo, barua za kazi za nyuma. Mwenye Fuso wako akuandikie barua hata ya mistari minne yenye namba yake ya simu, watampigia. Halafu pasipoti. Usiende na pasipoti iliyobaki kurasa mbili. Hesabu mwenyewe: kutoka Tanzania, kuingia Zambia, kutoka Zambia, kuingia Kongo, kisha yote hayo kinyume. Trip moja ni mihuri minane. Na kadi ya homa ya manjano. Hiyo watu wanaidharau mpaka mpakani. Chanjo ukishachoma inahesabika kuwa hai baada ya siku 10, kwa hiyo kama hujachoma, kachome kesho, usisubiri kuambiwa. Ukishachanjwa kadi ni ya maisha. Ile kadi ya kununua vichochoroni achana nayo, utajuta Kasumbalesa, mpakani kwa Zambia na Kongo, kwenye jua.

Sasa swali lako la mwisho, la kukaza. Usikaze. Mkufunzi akikaa pembeni yako dakika moja anajua. Mtu wa Fuso anajulikana kwa kona: anakata mapema, tairi za nyuma za tela zinapanda ukingo. Na anajulikana kwa gia, anatafuta gia sita kwenye gari lenye kumi na mbili au kumi na sita, ile swichi ya nusu gia anaiona kama pambo. Waambie: kazi yangu ni Fuso, semi nimejifunza chuoni, naomba nielekezwe. Mtu wa hivyo anafundishika. Niliyemkataa mimi ni yule aliyesema ameendesha semi miaka minane halafu akarudisha tela nyuma huku akigeuza usukani upande aliotaka tela iende.

Tena usije ukasema mbele yao kwamba Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, unaijua. Unaijua Kitonga ya Fuso. Ukirudi na shaba kutoka Kongo, gari lina eksi (mihimili ya tairi) tatu za kichwa na tatu za tela, ni tani 50 kwa ujumla zinazokusukuma mgongoni. Gia ya kushukia unaichagua juu, kabla mteremko haujaanza, pamoja na breki ya injini. Ukishaanza kushuka umechelewa. Breki za miguu zikishapata moto unakanyaga na hakuna kitu, ni kama unakanyaga godoro. Na mtu anayeweka gia huru ili aokoe mafuta, huyo sijui nimwite nani. Nimewaona wakitolewa kwa vipande, pale na kwenye mteremko wa kushukia Mbalizi.

Fuso_la_Nyanya
Shikamoo mzee. Nimeelewa. Kadi ya homa ya manjano sina, kesho asubuhi naianza hiyo.

Na kweli nilikuwa nimepanga kuwaambia Kitonga naijua 😅

Babu_Kasumbalesa
Marahaba. Kila mtu wa Ilula husema hivyo.

Mkaguzi_wa_Yadi
Niongezee hapo kwa mzee, mimi niko idara ya usalama kwenye kampuni (si hiyo yako, natumaini).

Wageni wengi wanadhani kipimo ni barabarani. Wanakuja wamevaa vizuri, wanapanda kwenye kiti, wanafunga mkanda, wanasubiri ufunguo. Sisi tumeshaanza kuandika kabla hajapanda. Tunamwambia "gari hilo pale, lichukue", halafu tunanyamaza. Tunatazama atafanya nini katika dakika ishirini zijazo.

Anayejua kazi analizunguka gari. Anainama. Anatazama chini kama kuna mafuta au maji yaliyodondoka. Anapitisha mkono kwenye nati za tairi, maana nati iliyolegea huacha mchirizi wa kutu kwenye rimu, jicho linauona. Anaangalia ndani ya pacha, kati ya tairi mbili, kama kuna jiwe. Anafungua koki za matangi ya upepo kumwaga maji. Anaingia chini kutazama kama pini ya tela imeshikwa kweli na mkono wa kufungia umerudi mahali pake, halafu anavuta kidogo breki za tela zikiwa zimefungwa ili ajue kichwa na tela ni kitu kimoja. Anawasha, anasubiri upepo ujae, anazima, anakanyaga breki na kushikilia huku anatazama mshale. Ukishuka wenyewe, kuna mahali panavuja.

Nitawapa siri ambayo si siri: mara nyingi tunaharibu kitu makusudi. Taa moja ya nyuma tunaichomoa, nati moja tunailegeza. Anayepiga tairi teke mara mbili na kupanda, tunamshukuru kwa kuja.

Konda_Mstaafu
Kumbe lile teke halipimi chochote? Miaka yote nimewaona madereva wa mabasi wanapiga teke nikadhani kuna sayansi.

Mkaguzi_wa_Yadi
Linapima kiatu.

Dada_Semi
Naomba niseme na mimi, naendesha semi mwaka wa nne sasa, na kwenye darasa langu la wageni nilikuwa mwanamke peke yangu.

Siku ya pili ni daktari. Macho, presha, sukari, na mkojo kwa ajili ya dawa za kulevya. Kaka, lala. Usiende umekesha, ukanywa kopo mbili za vinywaji vya kuongeza nguvu, halafu presha ikaruka. Kwenye darasa letu jamaa mmoja alirudishwa kwa presha, na nina uhakika ni hofu na vile vinywaji tu. Kama unavaa miwani ya kusomea, nenda nayo. Wanakupa karatasi zenye maandishi madogo kama mchanga.

Siku ya tatu na ya nne darasani wanazungumzia mizani. Watu wa Fuso huwa hamuijui vizuri kwa sababu mnavyoipita mnajua wenyewe. Huku uzito haupimwi kwa jumla peke yake, kila kundi la eksi lina kikomo chake kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016: mbele tani 8, eksi mbili za kichwa 18, tatu za tela 24. Zile tani 56 unazozisikia ni za gari la eksi saba. Unaweza kuwa ndani ya jumla na bado ukashikwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umepangwa vibaya, umeegemea mbele. Kwa hiyo usimwachie mpakiaji. Simama pale, tazama.

Na mkoba wako uwe laini, begi la nguo la kukunjika, sanduku gumu halina pa kukaa kwenye kichwa. Tochi, glavu, buti zenye soli isiyoteleza, koti la kuakisi, shuka na blanketi. Mpika na Serenje, kule Zambia, mwezi wa sita kuna baridi ambayo mtu wa Dar haijui. Wa Ilula labda unaijua.

Mke_wa_Dereva
Hamjambo. Nasoma tu huwa siandiki, ila hili limenigusa.

Kuna fomu watakupa siku ya kwanza inayouliza ndugu wa karibu wa kupigiwa simu. Mume wangu aliijaza haraka haraka akaandika rafiki yake wa kijiweni, kwa sababu namba yake ndiyo aliyokuwa anaikumbuka kichwani. Alipopata ajali upande wa Zambia, kampuni ilimpigia yule rafiki, rafiki simu yake imezima, mimi nikaja kujua siku ya tatu kwa watu wa Facebook. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini zile siku mbili sitazisahau, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia kwamba hapokei simu.

Shemeji yetu andika namba ya mkeo, au mama yako. Na muulize mwajiri kama anachangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Ukiumia kazini ndiyo unakohudumiwa.

Fuso_la_Nyanya
Pole sana dada. Nitaandika ya mke wangu, na nitamfanya aisome yeye mwenyewe kabla sijairudisha.

Mtu_wa_Makaratasi
Bado hamjagusa siku ya tano. Siku ya tano unaletewa mkataba, saa kumi jioni, umechoka, wenzako wanasaini bila kusoma kwa sababu gari limeshatajwa. Usisaini saa kumi jioni. Omba ukalale nao.

Tafuta kifungu cha makato. Kuna mikataba imeandikwa kwamba "dereva atafidia upotevu wowote wa mafuta, mzigo au tairi kwa kukatwa mshahara". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haisemi hivyo. Ili ukatwe kwa ajili ya hasara, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, mwajiri akuandikie imetokeaje na ni kiasi gani, akupe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Mimi mwenyewe, kwenye kampuni nisiyoitaja, nilikatwa mshahara mzima miezi miwili kwa tairi iliyopasuka Makambako, tairi ambayo nilishaiandikia kwenye fomu ya ukaguzi kwamba ina kipara. Nakala ya fomu sikuwa nayo. Hapo ndipo nilipojifunza kupiga picha kila karatasi ninayoandika.

Uliza pia mshahara ni kiasi gani na posho ya safari ni kiasi gani, kila kimoja kivyake. Posho inakupa raha ya mwezi huu, lakini NSSF inahesabiwa kwenye mshahara. Mshahara wa laki mbili na posho nene, uzeeni unabaki na zile laki mbili.

Dogo_wa_Changamwe
Hapo kwa mafuta nisikilize na mimi. Watakuwekea hesabu, kilomita ngapi kwa lita ngapi, na tanki lina kihisi. Usikubali namba bila kuuliza imepatikanaje. Gari lenye mzigo mlima mtupu na gari linalorudi tupu si hesabu moja.

Babu_Kasumbalesa
Ni kweli, na kuna upande wa pili ambao vijana hawapendi kuusikia. Mafuta yanaibiwa, na wanaoiba ni sisi. Utafika mahali, sitataja, kijana atakuja na madumu atakuita "bosi". Kwa gari lenye mzigo mimi nahesabu lita moja kilomita mbili hivi, kwa hiyo Dar hadi Tunduma, kama kilomita 930, unajua utachoma nini. Ukiuza lita arobaini wataziona, siku hizi wanaziona kabla hata dumu halijafungwa. Siku ya darasa watakuonyesha michoro ya tanki kwenye kompyuta, mstari unashuka taratibu halafu ghafla unadondoka kama jiwe kisimani. Wanawaonyesha ili muogope. Muogope.

Jambo moja la njiani ambalo yadi huwa wanalipita haraka: ukivuka Kasumbalesa unahama upande. Zambia tunaendesha kushoto kama kwetu, Kongo ni kulia. Usukani wako uko kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita gari unakuwa kipofu. Hapo tanboi, msaidizi wako wa garini, ndiye jicho lako, na kama huna tanboi, usipite. Baki nyuma, hata kama lililo mbele yako ni trekta.

Fuso_la_Nyanya
Wakuu, nimerudi. Wiki imeisha, nawapa mrejesho.

Tulikuwa tisa, tumebaki sita. Jumatatu ilikuwa karatasi kama alivyosema Dogo, na kweli wawili walitolewa kwenda fotokopi. Kadi ya manjano nilichanja asubuhi yake baada ya kusoma hapa, nikawaonyesha tarehe, wakasema safari yangu ya kwanza isiwe kabla ya siku ya kumi. Mmoja wetu hakuwa na kadi kabisa, ameambiwa arudi kundi lijalo.

Jumanne daktari. Nililala saa mbili usiku kama mtoto wa chekechea. Presha safi.

Jumatano yadi. Mkufunzi, mzee mmoja mkimya, alisema maneno yale yale: "Gari hilo pale." Mkaguzi, nilitaka kucheka. Nilizunguka nikiwa nimeinama mpaka mgongo ukauma. Nikakuta nati imelegea tairi ya tatu ya tela, nikakuta taa ya breki ya kushoto haiwaki. Nikasimama kifua mbele. Mzee akaniuliza, umemaliza? Nikasema nimemaliza. Akanichukua mkono akanipeleka chini ya tela, mkono wa kufungia pini ulikuwa umechomoza kidogo kama kidole. Haujafunga. Hakusema kitu, aliuangalia tu, halafu akaniangalia mimi. Nilivuta lile gari kichwani mwangu, nikaona tela linabaki Mbezi Mwisho katikati ya daladala na mimi naenda na kichwa.

Nilimwambia semi sijaizoea. Akasema, "Nimeona." Lakini alinirudisha kwenye gari asubuhi ya Alhamisi, akanifundisha kurudisha nyuma saa mbili nzima: mkono uwe chini ya usukani, tela lifuate mkono. Mwenzetu mmoja aliyesema ana miaka kumi kwenye semi alipiga teke tairi, akapanda. Hatujamuona tena.

Ijumaa mkataba ukaja saa tisa na nusu. Nikaomba nikalale nao. Dada wa ofisini alinuna, akasema wenzako wote wanasaini. Nikamwambia dada yangu, mimi nasoma polepole. Akanipa mpaka leo asubuhi. Mke wangu ndiye aliyekiona kifungu, mimi nilikuwa nimeshakipita. Kilikuwa karibu neno kwa neno kama alivyokiandika Mtu_wa_Makaratasi. Nilirudi nacho, nikauliza kwa upole kama kinaenda na kifungu cha 28. Wamekaa, wamepigiana simu, wameongeza kwa kalamu "kwa mujibu wa sheria" na kuweka saini pembeni. Sijui kama inatosha, ila nimepiga picha.

Mtu_wa_Makaratasi
Inasaidia. Picha ihifadhi sehemu mbili. Na fomu za ukaguzi vivyo hivyo.

Dada_Semi
Hongera kaka! Wamekupanga na nani?

Fuso_la_Nyanya
Asante dada. Nakwenda kama dereva wa pili, na yule yule mzee mkimya. Salfa mpaka Likasi, huko huko Kongo, kurudi shaba. Miezi mitatu ndiyo nitapewa gari langu.

Konda_Mstaafu
Miezi mitatu na mtu asiyeongea. Beba redio.

Babu_Kasumbalesa
Ukimya wake usikutishe, kama ni huyo ninayemfikiria nilimfundisha mimi. Muulize maswali wakati mmesimama, siyo mkiwa mnashuka mlima.

Niko Mpika hapa narudi, mvua imetushika tangu jana. Mkitoka Dar katikati ya wiki ijayo nitakuwa yadi nasubiri kushusha. Nitafute, nina buti za ziada namba 42. Hizo ulizovaa kwenye picha yako ya hapa jukwaani zitakutelezesha kwenye ngazi ya kichwa siku ya kwanza ya mvua.